Profesa wangu ataniona msaliti nikienda kuuza vitendanishi

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka mitano. Nimezaliwa Muheza, marehemu baba alikuwa mkata mkonge, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kuvaa joho. Nimeajiriwa kama mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma, na sasa niko likizo ya masomo, mwaka wa nne wa uzamivu, yaani PhD.

Ninachunguza vimelea vya malaria vinavyoanza kuizoea dawa. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H kwenye jeni ya kelch13. Vikiwa na badiliko hilo, artemisinini, ile sehemu ya dawa mseto inayoua haraka, huchelewa kuviua. Baadaye badiliko hilohilo likaonekana kwetu Kagera. Kazi yangu imekuwa kukaa kwenye zahanati za Karagwe, kuchukua matone machache ya damu ya mgonjwa kwenye karatasi ya chujio, kuyakausha, kuyafunga vizuri na kuyapeleka maabara ili tusome jeni za vimelea vilivyomo.

Sura nne za tasnifu zimekamilika. Ya tano ilitegemea sampuli za msimu wa mwisho. Mapema mwaka 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, mradi uliotulipia nao ukasimama. Wasaidizi wangu wawili wa uwandani walipewa taarifa Jumatano, Ijumaa wakarudisha pikipiki. Sampuli zangu mia nne na kitu ziko kwenye friza, hazijasomwa.

Katikati ya hayo yamenijia mambo mawili kwa mpigo. Mwenyeji wangu wa Ujerumani, ambaye nimefanyia kazi kwenye maabara yake kwa vipindi, amenipa nafasi ya posdoki, yaani utafiti wa baada ya uzamivu, kwa mkataba wa miaka miwili. Na kampuni moja ya Dar es Salaam inayoagiza mashine na vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia, inanitaka niwe mtaalamu wao: kufunga mashine za PCR (zinazonakili vinasaba ili vipimike) hospitalini, kufundisha watumiaji, kuwafuatilia. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya ninaopata chuoni, ila wanataka nianze mwezi ujao. Chuo nacho kinanisubiri, maana nilisaini mkataba wa kukitumikia baada ya masomo. Nikirudi nitafundisha darasa la wanafunzi mia tatu, na mashine ya PCR ya idara yetu imefunikwa kitambaa tangu nilipoajiriwa.

Nilipomgusia profesa wangu habari za kampuni, alivua miwani, akaniambia, "Tumekulea miaka minane. Usije kutuambia umekwenda kuuza vitendanishi." Nililia kwenye daladala mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Nilipomwambia habari za Ujerumani alijibu, "Nenda tu, sisi tutakuwepo," huku akiendelea kusahihisha madaftari. Hakuinua uso.

Kuna jambo jingine, sijui hata kwa nini nakuandikia. Safari yangu ya mwisho Karagwe mama mmoja alimleta mwanawe ana homa. Nilipomweleza kuhusu utafiti na kumwomba ridhaa, akasema, "Ninyi si mlimtoa damu huyuhuyu mwaka juzi? Mliona nini?" Nikamjibu kwamba majibu bado yanaandaliwa. Akanitazama, akachukua kalamu ya wino, akapaka kidole gumba, akakibonyeza palepale pa kusaini, akasema, "Haya, toeni tena." Makala yetu ya sampuli za mwaka ule ilikuwa imeshachapishwa miezi saba nyuma. Kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo nikikaa kuandika sura ya tano namwona yule mama.

Nyumbani wananiita daktari, wananiletea picha za eksirei za wagonjwa. Mama yangu anangoja nijenge. Nikienda kampuni, nitakuwa nimeitupa miaka yangu yote? Nikienda Ulaya, nitakuwa nimemtupa mwanangu? Na nikirudi chuoni, si nitakuwa nimejizika?

Usinitaje jina wala chuo.

Binti Mkonge


MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa friza iliyojaa kazi isiyosomwa, na pole kwa machozi ya daladala. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu kabla ya kusomea ushauri nasaha nilikaa miaka mingi kwenye hadubini ya maabara ya hospitali ya mkoa nikihesabu vimelea hivyohivyo. Najua mtu anavyoweza kuipenda kazi hii hata ikamuuma.

Nikikuelewa vizuri, umeitwa sehemu tatu, na kila sehemu umeipa jina la kosa: kampuni ni kuitupa miaka, Ulaya ni kumtupa mtoto, chuo ni kujizika. Mtu akichagua kati ya makosa matatu hawezi kulala usingizi. Ningependa tuyavue majina hayo kidogo, tuone ndani yake kuna kazi gani hasa.

Lakini kabla ya yote, tasnifu. Umeitaja kwa mistari miwili mitatu ukapita, nami hapo ndipo nimekaa muda mrefu zaidi. Nimewaona vijana hodari wakiondoka wakiwa na sura nne, wakasema ya tano wataimaliza jioni baada ya kazi. Kazi mpya ina safari, ina ripoti, mtoto anaugua, mwaka unapita, msimamizi anapata majukumu mengine, na mwisho chuo kinamwandikia kwamba muda wake wa usajili umekwisha. Watu wengine wameweza, siwezi kukwambia haiwezekani. Ila naona umechukulia kwamba bila zile sampuli mia nne hakuna tasnifu. Nani alikwambia? Je, umekaa na wasimamizi wako wote, ukawaonyesha sura nne na kuwauliza waziwazi kama zinasimama zenyewe, na ya tano ikaandikwa kwa data ulizonazo tayari au kwa sehemu tu ya sampuli? Kamati nyingi zilishakutana na wanafunzi waliokatikiwa fedha katikati ya njia, na mwaka 2025 hukuwa peke yako. Kama itabidi sampuli zisomwe Ujerumani, jiulize mapema kuhusu kibali cha kuzisafirisha na mkataba wa kuhamisha sampuli. Makaratasi hayo huchukua miezi, nayo ndiyo huchelewesha watu kuliko maabara yenyewe.

Halafu waulize hao wa kampuni kama wanaweza kukungoja mpaka uwasilishe. Walikufuata wewe kwa ujuzi huohuo wa uzamivu. Wakikataa, nalo ni jibu, litakuonyesha watakavyokuwa siku mtoto akilazwa.

Sasa hili neno "kuuza vitendanishi". Limekuchoma kwa sababu limesemwa na mtu unayemheshimu, lakini pia, naona, kwa sababu wewe mwenyewe unaliamini nusu. Basi nikurudishe kwenye mashine yenu iliyofunikwa kitambaa. Haikufunikwa kwa kukosa maprofesa. Kwa niliyoyaona mimi, mashine ya namna hiyo hulala kwa sababu vitendanishi viliisha na agizo likakwama, au hakuna mkataba wa matengenezo, au aliyefundishwa kuitumia alihama na hakuna aliyefundishwa baada yake. Mtu wa kuziamsha mashine hizo kwa kawaida hatoki kwenye idara. Ni yule fundi msomi anayeshuka kwenye basi la Bukoba na begi la vifaa, anayejua kwamba kipimo kinaharibika kwa sababu friji ya kuhifadhia inazimwa usiku.

Mwanasayansi Katalin Karikó huwa anatajwa sana mkitaka kutiana moyo huko vyuoni. Alitoka Hungaria kwenda Marekani mwaka 1985, akashikilia utafiti wa mRNA, ujumbe wa kijeni ambao baadaye ulitumika kutengeneza chanjo za UVIKO-19, wakati wengi hawakuuamini, mwaka 1995 chuo kikuu alichokuwa akifanyia kazi kikamshusha cheo, na mwaka 2023 akapata Nobeli pamoja na Drew Weissman. Hadithi hiyo husimuliwa kama mfano wa subira ya maabara. Kipande kinachorukwa ni kwamba mwaka 2013 alikwenda kufanya kazi kwenye kampuni, BioNTech ya huko huko Ujerumani unakoitwa, na hakuna anayesema siku ile aliacha sayansi.

Hata hivyo nisikupambie. Kampuni unayoizungumzia haivumbui chanjo, inaagiza na kuuza. Utapewa malengo ya mauzo hata kama cheo chako hakisemi hivyo. Utatakiwa kuisifia mashine ya kwenu mbele ya mganga mkuu hata siku ambayo unajua ya mshindani ingemfaa zaidi, na siku hiyo utaumia. Makala zitakoma, na vyuo vyetu vinapandisha watu vyeo kwa makala, hivyo kila mwaka unaokaa nje unafanya mlango wa kurudi uwe mzito. Kabla hujasaini, mtafute mtu aliyefanya kazi hapo akaondoka, umnywishe chai, umwulize kilichomtoa.

Kuhusu posdoki, umeiandika kama ngazi, kana kwamba mwisho wake uko mahali fulani juu. Naomba uitazame kama mkataba. Ni miaka miwili. Baada ya hapo? Ujerumani wana sheria ya mikataba ya wanasayansi ya mwaka 2007, ambayo kwa kawaida inampa mtu miaka sita ya mikataba ya muda kabla ya uzamivu na sita baada yake, tisa kwa upande wa tiba. Huko nako wapo watafiti wazuri wa miaka arobaini wanaohesabu miezi iliyobaki wasijue watakula wapi. Nakueleza haya nikijua pia wapo waliokwenda wakarudi na mzigo wa maana. Thomas Odhiambo wa Kenya alisoma uzamivu wa wadudu Cambridge, akarudi, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, ambako mpaka leo vijana wa Afrika wanasomea wadudu bila kuvuka bahari.

Kuna kitu nilikitafuta kwenye barua yako nikakikosa. Umenieleza mkataba wa posdoki, muda wake, mwenyeji wake. Hukuniambia swali. Utakwenda kuchunguza nini? Ni swali lako au lake? Posdoki ni miaka miwili ya kulala na kuamka na swali moja, na kama ni la mwenyeji peke yake, utarudi umeisaidia maabara yake na wewe huna cha kuombea ruzuku kwa jina lako. Kama ni la vimelea vya Kagera, basi mzungumze sasa, kwa maandishi: sampuli zitabaki mali ya nani, nani jina lake litatangulia kwenye makala, na muda gani utautumia nyumbani. Umewahi kumwuliza kama sehemu ya kazi hiyo inaweza kufanyikia hapa? Ushirika wa EDCTP, ulioanza mwaka 2003 kati ya nchi za Ulaya na Afrika, umekuwa ukitoa ruzuku kwa watafiti wanaofanyia kazi Afrika. Ushindani wake ni mkali na majibu huchukua muda, kwa hiyo usiihesabu kama mshahara wa mwezi ujao. Lakini mwenyeji mwenye nia njema anaweza kukusaidia kuandika ombi kama hilo badala ya kukuajiri tu.

Chuo chako umekieleza kwa vilivyoharibika peke yake. Huenda ni kweli tupu. Naona tu kwamba wale mia tatu umewahesabu kama mzigo, na sitashangaa kama nyuma kabisa ya ukumbi ule amekaa binti mwingine ambaye baba yake anakata mkonge. Sikwambii hivyo ili ujisikie na hatia, hatia unayo ya kutosha. Nakwambia kwa sababu watu wengine hugundua kwamba kufundisha ndiko kulikowashika, na wengine hugundua kwamba kunawanyong'onyeza, na wewe hujaniambia uko upande gani. Ule mkataba wa kukitumikia chuo, utoe kwenye bahasha uusome wote. Ni miaka mingapi? Ukivunja unarudisha nini? Muulize afisa utumishi, kwa barua, kama likizo bila malipo inakubalika kwa mtu wa nafasi yako. Nasema kwa barua kwa sababu habari za mikataba zinazopatikana kwenye korido zimewaingiza watu hasara, wengine kwa kuogopa deni lisilokuwepo na wengine kwa kupuuza lililokuwepo.

Profesa wako. Alivua miwani, mwanangu. Mtu wa umri wake akivua miwani kabla ya kusema, mara nyingi anakuwa ameumia kabla yako. Mradi umesimama, wasaidizi wameondoka, na sasa mwanafunzi aliyemlea kwa miaka minane anataja kampuni. Haimpi haki ya kukuita msaliti, na neno hilo, nikikusoma vizuri, hakulitamka yeye. Umelitamka wewe. Deni lako kwake lipo, nami nisingependa ulikane. Ila deni la kulelewa hulipwa kwa njia nyingi, na moja ni kwamba asizisikie habari zako kwa watu. Nenda ukae naye ukiwa na sura nne mkononi, mwanzie kwenye tasnifu, na umwulize yeye angefanya nini angekuwa na miaka 34 leo, mwaka huu wa fedha kukatika. Barua zake za mapendekezo utazihitaji popote utakapokwenda, na hilo pia si dhambi kulifikiria.

Na baba wa mtoto wako umemsikia akisema "nenda tu", ukajibiwa zaidi na uso usioinuka. Inawezekana hataki. Inawezekana anaogopa kukuzuia, kwa kuwa wanaume wa aina yake wameshasikia wakiambiwa wamewakatisha wake zao masomo. Inawezekana pia alikuwa na madaftari themanini ya kesho asubuhi. Mkae siku isiyo na madaftari, mzungumze mambo ya kushikika: mtoto anabaki au anakwenda, anabaki na nani, mnaonana kila baada ya miezi mingapi, nauli inatoka wapi. Mama yako naye ajue kwamba nyumba itachelewa au haitachelewa. Kungoja bila kuambiwa ndiko kunakochosha wazazi.

Nimelibakiza lile uliloliandika ukasema hujui kwa nini umeliandika.

Kuhusu mshahara umeandika mstari mmoja. Cheo hukukitaja kabisa. Mama wa Karagwe umempa aya nzima, na kidole gumba chake nimekiona mpaka hapa nilipo. Nataka nikuondolee sehemu moja ya mzigo: jeni ya kelch13 ya kimelea alichokuwa nacho mtoto mwaka juzi isingebadilisha dawa aliyopewa siku ile, na tafiti za namna hii kwa kawaida hazirudishi majibu ya mtu mmoja mmoja. Hukumnyima tiba. Lakini aliuliza swali la haki, na jibu mlikuwa nalo, limechapishwa, kwa lugha asiyoisoma. Hilo ndilo linalokukalisha mbele ya sura ya tano usiandike.

Jiulize kama kinachokuita si maabara wala darasa wala kampuni, bali ile nafasi iliyo katikati ya majibu na watu. Nafasi hiyo ina kazi ndani yake, ingawa vyuoni hamfundishwi kuiita kazi. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, ilijaribiwa Bagamoyo na pia Korogwe, ambako si mbali na kwenu Muheza. Nyuma ya majaribio yale walikuwepo waratibu, watunza data, wauguzi, wataalamu wa maabara na watu wa kuzungumza na vijiji. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria unahitaji mtu anayeweza kusoma jedwali la R561H na kumweleza mganga wa wilaya maana yake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina vituo vyake. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inahitaji watu wa kupima kama kipimo kinachoingia nchini kinafanya kinachodaiwa, na hapo ujuzi wako wa mashine ungekuwa upande wa mnunuzi. Nafasi hizi si nyingi, mishahara yake haifanani na ya kampuni, na nyingine zinategemea wafadhili walewale waliokukatikia. Sikusukumi huko. Nataka tu uache kufikiri kwamba njia zako ni hizo tatu zilizokupigia simu.

Na kabla hujajibu barua ya mtu yeyote, kuna kazi moja usiyohitaji mfadhili mkubwa kuifanya. Zungumza na wasimamizi na waliowapa kibali cha maadili, mpate ruhusa ya kutoa mrejesho kwenye zile zahanati: ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, mlichokiona na maana yake kwa mtu mwenye homa, yaani kwamba apime, amalize dozi, na arudi zahanati homa isiposhuka. Ukiweza kwenda mwenyewe, nenda. Ukimkuta yule mama, msomee. Kisha ukae uandike sura ya tano, uone kama mkono bado ni mzito.

Niandikie ukishapata tarehe ya kuwasilisha. Na kama Karagwe utafika, nieleze alikujibu nini.